Chumba kwa Jina la Nassir

Monicah alinikuta jikoni nikikamua ovaroli ya Nassir. Aliingia, akaufunga mlango kwa mgongo wake. Katika fleti ya watu kumi na mmoja mlango wa jikoni haufungwi hata siku moja, kwa hiyo nikajua kuna jambo.

"Aule, wacha hiyo nguo kidogo."

"Nimekaribia kumaliza, dada."

"Wacha."

Niliirudisha kwenye beseni. Ilikuwa Jumapili asubuhi, wenzetu wengine bado wamelala, na povu la sabuni lilikuwa limenifika viwikoni. Monicah ni Mkenya wa Nyahururu, mlinzi kwenye hoteli ndogo hapa hapa mtaani Muraqqabat, katika mji huu wa Waarabu. Yeye ndiye aliyetangulia kuipanga fleti hii na kuigawa kwa mbao nyembamba ikawa vyumba sita. Kwa kawaida husema anachotaka kusema akaenda zake. Asubuhi hiyo alihangaika na kamba ya aproni iliyoning'inia ukutani.

"Umeona hiyo karatasi ya kwenye lifti?"

Nilikuwa nimeiona. Kiarabu juu, Kiingereza chini. Msamaha wa watu wasio na vibali vya kukaa unaisha mwisho wa Disemba. Atakayekutwa baada ya hapo atakamatwa. Mstari wa mwisho niliurudia mara mbili nikiwa nimeshikilia ndoo: atakayempa mtu wa namna hiyo kazi au mahali pa kulala naye ametenda kosa la jinai, adhabu yake ni faini na kifungo, kisha kurudishwa kwao.

"Nimeiona," nikamjibu. "Nitaondoka kwako kabla ya hapo. Sitaki wakukute na mimi."

"Si mimi watashika." Aliiachia ile kamba. "Hiyo chumba yako haiko kwa jina langu, Aule. Wakati ulikuja, mimi nilikataa kukuandikisha. Nilimwambia Nassir niko na watoto wawili wananingoja nyumbani, siwezi kufungwa juu ya mtu. Siku hiyo hiyo akaniletea kopi ya kitambulisho chake. Kwa karatasi za jengo, Nassir ndiye anaishi hapo. Miezi kumi sasa."

"Nassir anaishi Al Qusais. Kwenye nyumba za wafanyakazi wa kampuni yake."

"Si basi unaona? Wakifungua mlango watamkosa yeye, watakupata wewe."

Nilijifuta mikono kwenye gauni. Niliifuta hata ilipokuwa imeshakauka.

"Unamkumbuka Ken?" Monicah akaniuliza kwa sauti ya chini.

Ken tulimjua wote. Aliishi ghorofa ya chini, alikuwa na miaka tisa hapa, kibali chake kizima, kazi yake nzuri. Mwezi wa nane, kabla msamaha haujaanza, walimkuta amemlaza sebuleni binamu yake asiye na karatasi. Binamu alirudishwa Kenya upesi. Ken alibaki ndani wiki nyingi kuliko yeye, naye mwisho akapandishwa ndege, huku amefungiwa mlango wa kurudi.

"Nisamehe," akasema Monicah. "Nassir alinikataza kukuambia. Lakini usiku siwezi kulala."

"Umefanya vizuri, dada."

Alifungua mlango akatoka. Nikaimaliza ile ovaroli kwa sababu sikujua la kufanya jingine.

* * *

Nassir nilikutana naye mtaa wa Ras Al Khor, kwenye mgahawa wa chai ulio katikati ya maduka ya vipuri vya magari. Nilikuwa na wiki tatu tangu nitoke kwa madam niliyekuwa namfanyia kazi za ndani, naosha sahani upande wa nyuma kwa mtu ambaye hakuuliza maswali.

Madam hakuwahi kunipiga. Nasema hivyo kwa sababu watu wakisikia umekimbia kwa kafeel wako, mwajiri aliyekudhamini, hutafuta makovu. Mkataba wangu wa miaka miwili uliisha, nikaomba kwenda nyumbani, akasema mwezi ujao. Mwezi ujao ukawa mwaka. Mama yangu akafariki Muleba, nikamwomba ruhusa nikamzike. "Si wameshamzika?" akaniuliza, bila ubaya wowote usoni, huku akichagua mtandio wa kuvaa. "Ukienda utafanya nini?" Kesho yake saa nne asubuhi nilitoka kutupa taka, nikaweka mfuko kwenye pipa, nikaendelea kutembea. Pasipoti yangu ilibaki kwake. Jioni ile ile aliripoti kwamba nimetoroka, na tangu hapo nikawa mtu wa kutafutwa.

Siku hiyo mgahawani nilisikia mtu akiongea kwenye simu kwa Kiswahili cha Tanga kilichonyooka. "Nimekula, mama. Nimekula wali na samaki, nimeshiba." Mkononi alikuwa ameshika kipande cha chapati kikavu. Nilicheka kwa sauti. Akageuka, mrefu, kijivu cha vumbi la stoo kimemwingia hadi kwenye kope, wala hakuona haya. Aliziba simu kwa kiganja.

"Dada yangu," akanong'ona, "usinichongee."

Kuanzia siku hiyo alikuja kila saa nne. Alikuwa na namna ya kunitazama nikiwa nimechoka, kana kwamba uchovu wangu ni mzigo ambao angeweza kuupokea kama ningemnyooshea tu. Sikumnyooshea kwa muda mrefu. Nilipomnyooshea, nilikuwa nimeshampenda.

Mama yake alinijua kwa jina na alinikataa kwa jina. "Mhaya, Mkristo, na hana karatasi," alimwambia Nassir. "Moja ningelimeza, mwanangu. Lakini yote matatu?" Kwetu nako baba, ambaye ni katekista wa kigango, aliposikia jina la Nassir aliniuliza habari za mvua za huku, na anajua kabisa huku hakuna mvua.

Haya yote tuliyabeba. Tuliyaongelea tukacheka, tukagombana, tukaendelea kuyabeba. Lakini kwamba kila usiku nilipojifunika shuka nilikuwa nimelala juu ya jina lake, hilo hakunipa tulibebe wote.

* * *

Sikumwambia Nassir ninakokwenda. Ningemwambia angenitazama vile anavyonitazama, nami ningebaki.

Jumatatu alfajiri nilipanda basi kwenda Al Awir, kwenye kituo cha msamaha. Tulikuwa wengi sana. Mbele yangu kulikuwa na Mganda mmoja aitwaye Resty, mwenye mtoto mgongoni aliyezaliwa hapa bila cheti cha kuzaliwa. Kila foleni ilipopiga hatua alimpigapiga mtoto makalio na kusema, "Tunaenda, tunaenda."

Nilikuwa nimejitayarisha kufokewa. Hakuna aliyenifokea. Afisa alikuwa dada mdogo kuliko mimi, hina mikononi. Alichukua alama za vidole vyangu, akaandika, akainuka, akarudi na bahasha. Ndani kulikuwa na pasipoti yangu. Madam aliikabidhi zamani, siku aliyoniripoti.

Nilifungua ukurasa wa picha. Nywele zile alinisuka mama usiku wa kuamkia safari ya kwenda kupiga picha mjini. Alinivuta hadi nikalia. Nililia tena pale dirishani, na yule dada akasogeza boksi la tishu bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta.

"Umekaa wapi muda wote huu?" akaniuliza kwa Kiingereza.

Nilifunga pasipoti.

"Kwa watu," nikasema.

"Watu gani?"

"Watu wazuri, madam. Walikuwa wanahama. Sijui walikwenda wapi."

Safari hii aliinua macho. Alinitazama kwa kitambo. Sijui aliona nini. Nafikiri tangu asubuhi alikuwa ameshasikia uongo kama wangu mara mia.

"Khalas," akasema, akagonga muhuri. "Una siku kumi na nne za kutoka. Bila faini, bila zuio la kurudi. Safari njema."

* * *

Jumanne ilikuwa mkesha wa Krismasi. Nassir alitoka kazini saa kumi na nusu, tukakutana kwenye bustani ndogo ya Al Qusais, karibu na kituo cha metro, ambapo Wapakistani hucheza kriketi kwa kipande cha ubao. Alikuwa na furaha. Nilimwona tangu mbali, anatembea harakaharaka, na moyo wangu ukaniuma kabla hajafika.

"Nina habari," akasema hata kabla ya kukaa. "Nimeongea na bosi, Arbab Nabil. Amesema anaweza kukuandikia viza ya kufanya usafi stoo. Tena mwenyewe kasema, inshallah."

"Lini?"

"Baada ya kufunga mahesabu ya mwaka. Mwezi wa kwanza, wa pili."

"Msamaha unaisha Jumanne ijayo, Nassir."

"Wiki chache tu, Aule. Hutoki nje. Mimi nitakuletea kila kitu. Wiki chache, halafu tunapumua."

Nilifungua mkoba, nikatoa karatasi ya Al Awir, nikaiweka juu ya goti lake. Aliisoma. Ilikuwa ukurasa mmoja lakini aliisoma kwa muda mrefu kama kitabu.

"Jumamosi," akasema.

"Jumamosi asubuhi."

"Umeshakata na tiketi."

"Ndiyo."

"Bila kuniambia." Aliikunja karatasi taratibu, akanirudishia. "Umenitoroka kama ulivyomtoroka madam wako."

Ningeweza kuinuka nikaondoka. Badala yake nilimgeukia.

"Rudia tena," nikamwambia.

Hakurudia. Aliangalia viatu vyake.

"Chumba ninacholala ni cha nani, Nassir?"

Alijikunguta vumbi kwenye suruali.

"Nakuuliza. Ni cha nani?"

"Monicah amekwambia."

"Kwa nini hukuniambia wewe?"

"Ningekwambia ungekubali kulala pale?"

"Nisingekubali hata usiku mmoja."

"Sasa ungelala wapi?" Sauti yake ilipasuka. "Niambie, ungelala wapi? Ulikuwa unalala kwenye magunia ya unga nyuma ya mgahawa, Aule. Nilikuona. Nilikuja siku ile mapema nikakuona. Nilitaka nifanye nini, nisome kwanza sheria?"

"Ungefungwa."

"Ningefungwa."

"Usiliseme kirahisi hivyo! Kuna mtu alifungwa kwetu pale chini, namjua. Nikupeleke jela mimi, kwa kukupenda? Halafu niishi vipi?"

"Na mimi nibaki huku niishi vipi?"

Tulikaa. Mpira ulikuja hadi miguuni petu, Nassir akaurudisha bila kutazama. Nilitaka kumshika mkono, lakini mahali palikuwa wazi na mimi bado nilikuwa na mazoea ya kuogopa.

"Nitaacha kazi," akasema. "Kesho naandika barua. Twende wote."

"Mkataba wako unaisha mwezi wa sita. Ukivunja sasa hutarudi tena. Tusiwe wawili tuliorudi mikono mitupu."

"Nimechoka kuhesabu miezi."

"Hata mimi nimechoka, Nassir. Nimechoka hadi mifupa."

Simu yake ikaita. Ilikuwa saa ya mama yake, humpigia kila siku baada ya alasiri. Aliiacha iite ikakatika, ikaita tena.

"Pokea," nikamwambia.

Alipokea, akaitika salamu, na mama mtu anamjua mtoto wake. Nilimsikia waziwazi kutoka pale nilipokaa: "Una nini wewe? ... Huna kitu? Sauti hiyo ndiyo ya kutokuwa na kitu? ... Huyo binti yuko hapo?"

Nassir alinitazama.

"Mpe simu."

Hatukuwahi kuzungumza hata mara moja. Niliipokea kwa mikono miwili kana kwamba ananiona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Auleria?"

"Ndiye mimi."

"Umemfanya nini mwanangu?"

"Nimemwambia naondoka, mama. Jumamosi narudi nyumbani."

"Mmegombana?"

"Ndiyo. Lakini siondoki kwa sababu ya ugomvi." Nilivuta pumzi. "Sheria ya huku, mama, anayemhifadhi mtu asiye na karatasi anafungwa. Chumba ninacholala kimeandikwa jina lake. Hakuniambia, nimejua juzi."

"Yarabi," akasema taratibu. "Anafungwa? Nassir huyu?"

"Nikibaki, mama."

"Na ukiondoka?"

"Nikiondoka hana kosa. Jana wameniuliza nilikuwa nakaa wapi. Sikumtaja."

Nilisikia mtu akitwanga kitu kwao, mbali, kisha akaacha.

"Nilikuwa nakuombea uondoke kwake," akasema mama Nassir. "Kila swala. Nisikudanganye."

"Najua, mama."

"Umejuaje?"

"Aliniambia. Hanifichi kitu, isipokuwa hili la chumba."

Aliguna. Haikuwa hasira wala kicheko.

"Mpe simu mwenyewe."

Nassir alisimama, akasogea hadi kwenye uzio. Nilimwona mgongo tu. "Naam, mama ... Hapana ... Jumamosi, saa tisa alasiri ... Naam." Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Amesema nini?"

"Amenitukana."

"Na mengine?"

"Mengine ni ya mama na mwanawe." Akaketi, safari hii karibu zaidi. "Aule, nisamehe lile neno la kutoroka."

"Nimeshakusamehe. Nisamehe na mimi kwa kwenda peke yangu."

"Hilo bado," akasema. "Nipe hadi kesho."

* * *

Zilikuwa zimebaki siku nne, na kwa siku hizo nne nilikuwa na karatasi. Huwezi kujua hiyo ni nini kama hujawahi kuikosa. Tulipanda metro wote. Zamani nilikuwa nakaa behewa la wanawake naye behewa lake, tunashuka kama watu wasiojuana. Sasa tulisimama bega kwa bega tumeshika bomba moja. Polisi wawili waliingia kituo cha Union, mkono wangu ukaenda kwenye mkoba, na Nassir akasema kwa utulivu, "Unayo. Unayo." Wale polisi walikuwa wanabishana habari za mpira.

Krismasi tulikula samaki kwenye mgahawa wenye meza za nje, tukiwa tumekaa mbele kabisa, barabarani. Hatukuongea sana. Tulikuwa kama watu waliomaliza kubeba kitanda hadi ghorofa ya sita, ambao kwanza wanataka kukaa tu. Mara moja aliinua macho kutoka kwenye sahani akanitazama hadi nikauliza, "Nini?" Akasema, "Hakuna. Nakuona tu mchana."

Ijumaa alikwenda kwa Monicah, akaandika kwamba chumba amekirudisha. Jumamosi alinisindikiza uwanja wa ndege. Tulisimama mahali ambapo asiyesafiri hapiti.

"Mwezi wa sita," akasema.

"Usiniahidi, Nassir. Nimechoka na ahadi za mwezi ujao."

Yalimwingia. Alifikiri kidogo. "Basi sikuahidi. Nitakuja tu."

Aliniwekea kiganja shavuni mbele za watu wote, sekunde tatu labda, kisha akakiondoa. Nilipita dirisha la mwisho, mashine ikasoma alama za vidole vyangu, afisa akanipa pasipoti yangu mkononi. Nilipogeuka alikuwa bado pale, ameinua mkono juu ya vichwa vya watu, na hakuushusha hadi kona iliponificha.

* * *

Sikuwa nimemwambia mtu Dar aje kunipokea. Mpango wangu ulikuwa kulala kwa binti mmoja niliyesoma naye, kesho yake nichukue basi la Bukoba. Nilitoka nje na begi langu moja saa tisa na nusu, joto likanipiga, watu wanaitana majina, wanakumbatiana, nami nikatafuta mahali pa kupita.

"Auleria."

Alikuwa mwanamke mrefu wa buibui, amesimama kando ya nguzo na mkoba wa safari begani. Urefu ule niliujua. Hata namna ya kusimama, uzito wote mguu mmoja, niliijua.

Nilipiga goti pale pale. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Inuka, watu wanapita." Alinitazama usoni, akashuka hadi viatuni, akarudi usoni. "Nimetoka Tanga na basi la alfajiri. Nimemwambia Nassir asikwambie, maana ungenikataza."

"Mama, sikutegemea..."

"Usinifahamu vibaya. Sijakubali. Mambo ya dini yapo, ya baba yako yapo, nayo tutayaongea, wala hayaishi leo." Alinyoosha mkono. "Lakini ulikuwa na mwanangu mkononi ukamwachia asiumie. Mtu wa hivyo hateremki ndege akakosa wa kumpokea. Lete begi."

"Nitalibeba mwenyewe, mama. Si zito."

"Umechoka," akasema.

Miaka minne nilikuwa nimengoja mtu wa kwetu aniambie neno hilo. Nilifungua vidole, akalichukua begi, akaanza kutembea mbele. Nami nilibaki nimesimama nikilia kama mtoto, hadi aliposimama, akaweka begi chini, na kunirudia.